Nilimlea mwanangu kwa maziwa ya kukamua, kule Matombo enzi za matuta: hakuna pampu, hakuna friji

Wakuu, shikamooni nyote mlionizidi umri, ingawa sidhani kama humu mpo. Waliobaki, marahaba.

Mimi ni bibi wa miaka tisini na ushee. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta neno limepinda mlinyooshe wenyewe.

Ninayoyasema ni ya kweli, na shahidi yupo. Huyo mtoto niliyemlea kwa maziwa ya kukamua sasa ni bibi mwenzangu, anauza mboga Bigwa. Mkimuuliza swali moja atawajibu mpaka mjute.

Kilichonileta ni kitukuu wangu. Kajifungua, likizo imekwisha, karudi kazini, kanunua pampu ya umeme inayonguruma kama cherehani. Ana vifuko, ana friji, ana daftari la saa.

Juzi umeme ukakatika mchana kutwa, maziwa yakaharibika, akakaa chini akalia. Nikamwambia nyamaza nikupe habari. Alipomaliza kusikiliza akasema bibi, hii iweke jukwaani wasome na wenzangu.

Haya basi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa kibarua wa mkonge huko chini, anapanda mlimani mara moja kwa mwezi. Mimi nilikaa kwa mama yangu, Matombo.

Kwetu Waluguru hilo si la ajabu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Huyo mjomba mumkumbuke, atarudi.

Nikajifungua binti, tukamwita Leokadia. Mzuri, nywele tele, sauti kama tarumbeta. Tatizo moja tu: hakuweza kunyonya. Anashika titi, anahangaika, anaachia, analia. Kidogo anachopata kinatokea puani.

Siku ya tatu nikamfunga mgongoni nikateremka zahanati ya misheni. Sista aliyekuwa akihudumia wazazi akamtia kidole mdomoni, akapapasa, akanionyesha. Kaakaa lilikuwa na ufa. Kwa nje mtoto hana kasoro, ndani juu pametoboka, kwa hiyo hawezi kuvuta.

Nikauliza kama atakufa. Sista hakunificha. Akasema akila ataishi, asipokula hataishi, na chakula chake ninacho mimi kifuani. Kazi ni kukitoa huko na kukifikisha tumboni.

Akanipa kikombe cha bati chenye mfuniko, kijiko kidogo cha chai, na kidude cha kioo chenye mpira wa kubonyeza nyuma. Wakuu, hiyo ndiyo pampu ya kwanza niliyoiona maishani. Akasema kila nikimaliza nichemshe vyombo vyote.

Nikachemsha vyote. Na mpira pia. Nikauacha chunguni huku napalilia magimbi, niliporudi ulikuwa uji mweusi.

Basi pampu yangu ilidumu siku moja. Niliona haya kurudi kusema, nikaanza kukamua kwa mkono.

Wadada mnaolalamika kuhusu saizi ya pampu, mkono hauna saizi. Kitambaa cha maji ya moto kwanza, kanda taratibu kuzunguka titi, kisha vidole viwili nyuma ya weusi wa chuchu, sukuma ndani kuelekea kifua, bana, achia. Usivute. Ukivuta utaumia na hupati kitu. Wiki ya kwanza nilipata ya kulowesha kijiko tu, wiki ya pili yakawa yanaruka yenyewe mpaka ukutani.

Saa sikuwa nayo. Nilikwenda kwa kengele ya misheni: ya alfajiri nakamua, ya adhuhuri nakamua, ya jioni nakamua. Katikati nilijiwekea alama zangu, kuku wakitoka, jua likigusa paa la jirani, mbuzi wakirudi. Nikipitisha, kifua chenyewe kinanikumbusha kwa kulowesha kanga.

Friji yangu ilikuwa mtungi. Kikombe nakifunika, nakisimamisha ndani ya mtungi mpana wenye maji ya mtoni, kivulini. Maji ya Uluguru mnayajua yalivyo baridi. Yakipata joto namwaga, nateka mengine. Maziwa ya asubuhi hayasubiri jioni.

Kulisha: mtoto akae wima, si kulala. Kijiko nusu. Subiri ameze. Ukiharakisha yanatoka puani, mtoto anapaliwa, na wewe roho inakutoka.

Mpaka hapo mambo yalikwenda. Leokadia alianza kunenepa mashavu.

Sasa yakaja matuta.

Vijana hamjui. Serikali ya wakati ule iliamuru milima yote ichimbwe matuta eti udongo usiporomoke, na kila nyumba itoe mtu. Nyumba yetu ilikuwa na wanawake wawili, mama na mimi, na mama alikuwa na mgongo mbovu. Msimamizi wa upande wetu alikuwa nani? Mjomba wangu. Arobaini yangu ilipopita tu, akaleta jembe mlangoni.

Nikawa nakamua alfajiri kikombe kinajaa, namwachia mama, nakwenda kuchimba. Adhuhuri nakamulia kichakani kwenye kibuyu, natuma kwa yeyote anayeteremka. Jioni narudi kikombe kitupu. Nafurahi, najua mtoto kala.

Wiki mbili baadaye nikampeleka kwenye mzani. Sista akapima, akapima tena. Mtoto kapungua. Akaniuliza kama namlisha kweli. Niliumia, wakuu. Nikaapa kwamba kikombe kinaisha kila siku. Akasema wiki ijayo akipungua tena, nimwite padre, tuombe naye.

Nilirudi mlimani nikitazama kifua changu kama kimenisaliti.

Kesho yake mvua kubwa ikatufukuza kwenye matuta kabla ya adhuhuri. Nikarudi mbio, nimelowa.

Barazani kwa mama nikakuta watu saba wamekaa mkekani, vichwa wameinua juu kama kuku wanaokunywa maji. Mama anapita kwa mmoja mmoja na kikombe changu na kijiko changu. Tone jicho la kulia. Tone jicho la kushoto. Anayefuata.

Msicheke sana. Wakati ule ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umeingia kijijini, na dawa yetu ya macho toka enzi za mababu ilikuwa maziwa ya mama anayenyonyesha. Kwa kawaida unamfuata mzazi, anakukamulia tone, unaondoka. Ila kwetu ilisikika kwamba yapo kikombe kizima, tayari, yamepozwa mtungini. Watu wakaja mpaka kutoka ng'ambo ya mto.

(Madaktari wa humu, najua. Siku hizi nendeni hospitali, msiweke maziwa machoni halafu mseme bibi kasema.)

Katika wale saba, wa tatu alikuwa mjomba. Jicho moja limeshawekwa, jingine bado.

Nikamwambia mama, "Hayo ni ya mtoto."

Watu wakaanza kuinuka. Mjomba naye akainuka, akauliza kwa upole kama la kushoto lingesubiri kesho.

Walipokwisha kuondoka, mama alikaa akatazama kikombe. Nilitegemea atasema amesahau, au watu walimshinda. Hakusema hivyo.

"Mwanangu, mimi nimezika watatu," akasema. "Huyu wako ni mgeni, anapita. Nikaona maziwa yawafae wanaobaki."

Nawaambia ukweli, nilimchukia mama yangu. Palepale, kabisa. Nilikuwa nachimba matuta na mtoto wangu ameshaagwa nyumbani.

Nilikamua mbele yake, nikaujaza mfuniko wa kikombe. Nikampakata mtoto mapajani mwake, wima, nikamtia kijiko mkononi.

"Mlishe wewe," nikamwambia. "Ukimwona anapita, uniite."

Nikaenda kubadili nguo. Kwa makusudi nilikawia.

Niliporudi kuchungulia, mama alikuwa ameinama. Anaweka nusu kijiko, anasubiri. Leokadia anameza, na mama naye anameza, koo lake linapanda na kushuka kana kwamba anayekula ni yeye. Mtoto alikuwa amemkazia macho, na kila kijiko kikichelewa anapiga kelele.

"Kumbe anadai," mama akasema, hakunitazama.

Jioni ile nikaomba kijiko, hakunipa. Na hakunipa tena kwa miezi. Mimi nikawa ng'ombe, yeye akawa mchungaji.

Bado matuta. Siku ya pili nikamfuata mjomba mwenyewe. Nikapiga goti, shikamoo mjomba, nikamweleza kwa heshima zote kwamba dawa ya macho haikai tena kikombeni, inakaa kifuani, na kifua kikiwa kwenye matuta hakiwezi kuwa nyumbani. Anayeitaka anikute kwa mama, mtoto akishashiba.

Mjomba alifikiri na lile jicho lake moja zima. Kisha akatangaza kwamba zamu ya nyumba yetu itachimbwa na wenye macho mabovu.

Wakachimba! Watu wa macho mekundu walichimba matuta yetu marefu kuliko ya mtu yeyote, ingawa hayakunyooka.

Mimi nikakaa nyumbani na kengele zangu. Mtoto kwanza, macho baadaye, tone moja kila jicho, moja kwa moja kutoka kwenye chanzo. Asiyetaka kungoja, mama alimwonyesha mwiko.

Wiki ile mama aling'ang'ania kuja nasi kwenye mzani, na mgongo wake ule. Sista akapima. Mtoto kaongezeka. Mama hakuamini mambo ya Kizungu, akamwambia apime tena. Akapima tena. Mama akataka mara ya tatu, sista akacheka, akampimia.

Njia nzima ya kurudi mlimani mama alimbeba yeye.

Nilikamua mwaka mmoja na miezi miwili. Tone la mwisho nilitamani kulia, sijui ni furaha au nini. Baadaye, Leokadia alipokua kidogo, yule sista alimtafutia daktari akamshona kaakaa. Sauti ikabaki inapitia puani kidogo, haikumzuia kusema hata siku moja.

Kuhusu ule mpira nilioyeyusha, nilikiri siku ya mwisho ya kukamua. Sista akasema alijua tangu siku ileile, maana nilipotoka mlangoni alikumbuka kwamba hakunikataza kuuchemsha.

Sasa mafunzo, maana najua humu mnapenda mafunzo.

Vyombo visikutishe. Kikombe, kijiko, moto, maji baridi, mikono safi, na ratiba ambayo huivunji. Ila kubwa kuliko yote, muulize anayebaki na mtoto kama anaamini mtoto ataishi. Mtu asiyeamini atamwaga maziwa yako bila hata kuwa na roho mbaya. Mama yangu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amechoka kuzika.

Namalizia na hili.

Miaka mingi baadaye mama alipooza upande mmoja, kumeza kukawa shida. Leokadia ndiye aliyekuja kumuuguza. Akaniomba kile kijiko cha chai, nilikuwa nacho bado.

Siku moja nilisimama mlangoni nikawatazama. Leokadia amemkalisha bibi yake wima, amemwegemeza kifuani. Nusu kijiko cha uji, anasubiri. Bibi anameza, na Leokadia naye anameza, koo linapanda na kushuka. Hakuna aliyemfundisha hivyo.

Mama akaniona. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini maneno nilisikia vizuri.

"Ona mgeni wako," akasema. "Amekaa."

Kijiko ninacho hapa mkononi. Picha nilitaka kuweka, simu imegoma, kitukuu yuko chumbani anakamua na mlango kafunga.

Karibuni mseme. Waliokamua kwa mkono mko wangapi humu? Na wenye kuuliza, ulizeni haraka, mchana nalala.