Siku Nilipowaita Watu Waje Kuona Miche

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mkinichekea katikati sitaendelea. Aibu hii niliipata Nchelenge, mji wa wavuvi kando ya ziwa, mbele ya watu wazima, na mpaka leo nikiikumbuka najifunika uso na kitenge.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishaisha, mimi mwuza samaki kutoka ng'ambo, Kongo, na wanawake wenzangu wakanichagua nisimamie kitalu chetu cha miche. Msitu nyuma ya mji ulikuwa unaisha (kuni za kukaushia samaki, si mnajua), mvua nazo zinakuja zikitaka. Wavuvi wakatuambia: tukiona miche mizima kwa macho yetu, tutaacha kukata miti iliyobaki. Basi tukamwagilia kiangazi chote mpaka migongo ikatuuma.

Siku ya mkutano na wavuvi wakaja na wageni kutoka Mansa, makao makuu ya mkoa. Sasa mwanamke gani anapokea wageni uwanja ukiwa mchafu? Asubuhi nikafagia kila kona, taka nikazikusanya kando ya kitalu, nikazichoma kama mama alivyonifundisha, nikaona moto umelala, nikaoga, nikavaa, nikaenda zangu.

Mkutanoni mgeni mmoja akaeleza kwamba Ulaya wanabishana juu ya mashine za kunasa moshi wa viwanda na kuuzika chini ya ardhi. Ba Mulenga (ba ni heshima ya kule), mvuvi wa ng'ambo kama mimi, aliyekuwa akitupinga tangu mwanzo, akadakia, "Voilà! Tungojee hiyo mashini, batu baache kutusumbua juu ya kuni!" Watu wakapiga makofi. Nikaona tumeshindwa, nikasimama (nani alinituma?).

"Mashini ya kukamata moshi tuko nayo hapa hapa, inaitwa muti! Mukuye muangalie!"

Wakanyanyuka wote wakanifuata, mimi mbele natembea kwa maringo, na hata harufu nilipoisikia nikadhani ni mtu anakausha samaki. Tukakata kona. Mungu wangu! Paa la majani tulilofunikia miche lilikuwa linawaka, upepo wa ziwani unalipuliza, na chini yake miche yetu inajikunja. Nikaganda, mdomo wazi.

"Mama Kapinga," ba Mulenga akasema taratibu, "mashini yako iko naungua."

Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia ziwani na ndoo. Hatukuokoa kitu cha kuonyesha mtu.

Ile ahadi ya wavuvi haikutajwa tena. Badala yake, palepale kwenye majivu, wakapitisha sheria nyingine: mtu asichome taka karibu na miche. Wakasema anayekubali anyooshe mkono, na mimi nikanyoosha wangu, mweusi tii kwa masizi, huku wenzangu wananiangalia. Mwaka ule mzima nilisikia mashoka msituni, na kila nilipoyasikia niliumia.

Tangu siku hiyo taka nazizika. Mgeni akikuta majani uwanjani kwangu, ayakanyage tu apite.