Aliyekuwa Anakanyaga Breki

Yule mzee wa Pajulu, pembeni ya mji wetu wa Arua, mwenye gari lisilokufa, ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi wamewahi kumsoma hapa, amefariki. Presha ilimlaza siku chache tu, na Jumatatu asubuhi hakuamka. Sikumpenda sana, na sioni kwa nini nianze kumpenda leo kwa sababu tu amezikwa. Alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Koboko, mkali, mwenye kumwona kila mtu bure. Lakini waliomzika wamenikera zaidi kwa siku moja kuliko alivyonikera yeye maisha yake yote, kwa hiyo safu hii ni yake na yao.

Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, la zamani, la kutetemesha vikombe mezani likiwashwa, na breki zake alizitengeneza mwenyewe nyumbani, kando ya jiko. Katika hilo nilimuunga mkono. Gereji nyingi za mjini mnazijua. Gurudumu likianza kuvuja mafuta ya breki, fundi hatafuti mpira mpya wa kuziba. Anabana paipu kwa nyundo, gurudumu hilo linabaki bila breki, na wewe unaambiwa mengine yanatosha. Marehemu alifungua magurudumu yote, akasugua kutu, akabadilisha mipira na viatu vya breki, akamwaga mafuta machafu. Uzembe aliuchukia kwa dhati, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayompa bila kulazimishwa.

Ila kuna kazi moja ya breki ambayo hakuifanya peke yake hata siku moja, ingawa alitangaza kinyume chake kila alipoketi. Ukishafungua breki, hewa huingia ndani ya paipu, na isipotolewa, pedali huzama na gari halisimami. Kuitoa kunataka watu wawili: mmoja chini na spana, afungue kinati hewa itoke, mwingine kwenye kiti, akanyage pedali na kuishikilia. Siku moja nilimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana. Kwenye kiti cha dereva alikaa mkewe, ungo wa maharage mapajani, akichagua mawe huku mguu ukiwa juu ya pedali.

“Kanyaga! Shikilia! Nasema shikilia!”

“Nashikilia, mzee. Mguu inauma.”

“Mguu yako iko na kazi gani ingine? Achilia. Kanyaga tena!”

Alipotoka huko chini akajifuta mikono na kuniambia, bila haya, “Bwana gazeti, unaona? Mimi nafanya peke yangu. Fundi ya Arua naona bure.” Mkewe alitupa jiwe la maharage nje ya dirisha, likaangukia karibu na kiatu cha mumewe. Nikacheka, na yeye akadhani nawacheka mafundi.

Basi Jumatatu hiyo maiti ilitakiwa kufika Midia, kwao Koboko, karibu na mpaka, izikwe kabla jua halijazama. Kaka yake mkubwa, mtu wa kanzu nyeupe na sauti ya mikutano, akaamua kuwa marehemu atasafiri kwa gari lake mwenyewe. Eti ndiyo heshima. Jeneza likaingizwa nyuma, wanaume wakajipanga ndani, naye akashika usukani. Hapo mjane akatoka kati ya wanawake na kusimama mbele ya gari.

“Shemeji, hii gari hapana toka. Hewa iko ndani ya breki.”

“Wewe rudi kwa wamama. Gari iko mzima, magurudumu yote iko.”

“Alifunga magurudumu, presha ikamuangusha. Hewa hatujatoa. Mimi ndio nakanyaga, mimi najua.”

“Itashika mbele, ikipata moto.”

Wanaume wakacheka. Itashika mbele! Kwa neno hilo tunajenga nyumba, tunaendesha ofisi na tunapeleka watoto barabarani. Na nje ya lango lile kuna mteremko unaoshuka moja kwa moja hadi barabara kuu, yanakopita malori ya Kongo.

“Basi kanyaga,” mjane akasema. “Kanyaga, watu waone.”

Shemeji akakanyaga. Pedali ikazama hadi chini bila ubishi. Akakanyaga tena, ikazama tena. Wale waliokuwa wakicheka wakaanza kushuka kimya kimya, mmoja akidai anatafuta viatu vyake.

“Shuka, shemeji. Chukua spana, ingia chini.”

Akaingia, na kanzu yake. Mjane akakaa pale alipozoea kukaa, akakanyaga, machozi yakimtoka, na sauti yake ikafika hadi kwa majirani: “Fungua! Funga! Nasema funga!” Gurudumu moja, kisha jingine, hadi aliposema, “Sasa imeshika.” Alishuka kwenye kiti. Wanaume wakarudi ndani, kila mmoja na nafasi yake, na yeye hakubakiziwa hata pa kuweka goti.

“Gari imejaa,” shemeji akamwambia. “Wamama watafuata.”

Mimi nilipanda teksi ya Koboko. Nilipofika Midia kaka mtu alikuwa amesimama kando ya kaburi, mafuta meusi begani mwa kanzu, akihutubia. “Ndugu yetu alikuwa mutu ya kujitegemea. Breki ya gari yake alitengeneza peke yake, hapana mutu alimusaidia.” Watu wakaitikia amina. Na breki zilizomfikisha msemaji huyo pale akiwa hai zilikuwa bado na joto! Mjane alifika udongo ukiwa umeshasawazishwa.

Nimehudhuria mazishi mengi ya wanaume waliojitegemea, na nimechoka nao. Kila mmoja alijenga peke yake, akalima peke yake, akasomesha peke yake, na kando ya kila mmoja kulikuwa na mtu aliyeambiwa akanyage, ashikilie, asiulize. Marehemu angalau alikuwa fundi mzuri wa nusu ya kazi. Wanaomsifu hawana hata nusu hiyo. Kwa hiyo siku yangu ikifika, naomba asisimame mtu kusema sikuhitaji msaada. Mtafuteni aliyekuwa anakanyaga, mpeni kiti cha mbele, na gari lisiwashwe kabla hajakaa.