Samaki Waliokufa na Pumba Tumboni

Nilimpasua samaki wa kwanza mbele ya shemeji zangu wawili, pumba ikatoka kama nilivyoimwaga bwawani. Pumba ya mahindi, bado ya njano, hata harufu ya mashineni ilikuwepo. Samaki mwenyewe kichwa kikubwa, mgongo umekonda kama jani la mhindi lililokauka, tumbo limevimba. Nikapasua wa pili, hivyo hivyo. Nikaendelea kupasua tu, mikwaruzo ya mikono ikiwaka kwa yale maji ya bwawa.

Shemeji mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, akachutama akamwinua mmoja kwa mkia.

"Shemeji, huyu ni samaki au ni mfuko wa pumba?"

Mdogo wake akacheka. "Warudishie kuku, kaka. Chakula hakijaharibika."

Mkubwa akanawa mikono, akalitazama bonde kutoka juu mpaka chini kama mtu anayepima, akasema, "Haya shemeji. Maneno yetu unayakumbuka."

Nilikuwa nayakumbuka. Mume wangu alipofariki aliniachia kipande cha bondeni hapa Pito, Sumbawanga, udongo mweusi, unyevu mwaka mzima. Ni ardhi ya ukoo wao. Kwenye kikao cha kumaliza msiba wakasema mwanamke peke yake hataiweza. Sisi Wafipa hatulimi kwa kukwangua juu juu. Tunakusanya majani, tunayafukia kwenye matuta ya duara, ndiyo ntumba, tunayaacha yaoze yawe chakula cha udongo, ndipo tunapanda. Ni kazi ya migongo mingi, mimi nina mmoja. Nikasema sitalima, nitachimba bwawa, kuna mradi umekuja unafundisha. Tukakubaliana mbele ya katekista: bwawa likitoa samaki wa kuonekana, kipande ni changu mpaka nife. Likishindwa, kinarudi kwa ukoo. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimeshamwona bwana samaki wa mradi, nikaona mtu aliyesoma.

Jina lake siliandiki. Alikuwa na pikipiki na miwani ya jua aliyoivaa hata siku za mawingu. Yeye ndiye aliyeonyesha pa kuchimba. Yeye ndiye aliyenikataza kutoboa tundu la kutolea maji, akisema chakula kitapotea na samaki watakimbia. Vifaranga wa perege wakaja kwenye mifuko ya nailoni, wadogo kama kucha. Mwanzo walikwenda vizuri, sisemi uongo. Nikigonga sufuria kwa mwiko wanakuja wote ukingoni, maji yanachemka kwa midomo. Majirani walikuwa wanakuja kutazama tu.

Ikafika Juni. Anayeijua Sumbawanga anaujua upepo wa baridi wa Juni. Samaki wakaota kitu cheupe ubavuni, kama pamba. Bwana samaki akaja, akasimamisha pikipiki pale juu njiani, hata mguu hakushusha.

"Mama, weka chumvi!"

"Kiasi gani, baba?"

"Ya kutosha. Rudia rudia mpaka hiyo pamba iishe."

"Haitawadhuru?"

Akacheka. "We mama! Ziwa Rukwa lote lile ni magadi, na perege si wanavuliwa humo? Waulize watu wa Kaoze."

Kaoze ninakujua. Dada yangu ameolewa huko chini, nimeyaonja maji ya lile ziwa kwa ulimi wangu, na samaki wake nimekula. Kwa hiyo nikaamini. Angenipa maneno ya darasani ningeuliza tena, lakini alinipa ziwa ninalolijua. Akawasha, akaenda.

Mshauri wangu wa pili ni mwenye duka la dawa za mifugo mjini, mtu wa kutoka Mbeya, mcheshi. Akanipa chumvi ya ng'ombe, ya mawe. "Hii ndiyo yenye nguvu, mama angu." Nikaitwanga, nikawa naimwaga kila Jumamosi. Ile pamba kweli ilipungua, nikashukuru Mungu. Baada ya muda nikaona matumbo yamevimba, na nyuma ya kila samaki unaning'inia uzi mrefu wa kinyesi, ndani yake chembe za pumba nzima nzima. Nikarudi dukani.

"Wamevimbiwa hao," akasema. "Ng'ombe wako akivimbiwa unampa nini?"

"Magadi."

"Ee! Sasa mimi unaniuliza nini?"

Tukacheka wote wawili. Huku kwetu hata mtoto anajua, ng'ombe aliyevimbiwa ni magadi. Akanipimia kopo, nikaenda nikamwaga.

Kiangazi chote jua na upepo vikawa vinayanywa yale maji, nami najaza kwa ndoo kutoka kijitoni. Maji yalikuwa yanaondoka, chumvi inabaki. Hilo ninalijua leo. Wakati ule nilichokuwa ninakiona ni kwamba nikigonga sufuria bado wanakuja. Wachache wachache, wazito, lakini wanakuja na wanakula. Nikajiambia, mgonjwa anayekula atapona. Nikaongeza pumba. Nikachanganya na mashudu ya alizeti. Asubuhi ninawakuta wengine wanaelea, wameshiba.

Ndipo ikafika siku ya kuvuna, siku ya kisu.

Wiki iliyofuata katekista akamleta dada mmoja aliyesomea mambo ya samaki, alikuwa amekuja kusalimia kwao. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Mama, ulitia nini humu?"

Nikamwambia. Akakaa kwenye majani kabla ya kunijibu.

"Samaki wa maji ya mto hana haja ya kunywa, maji yanamwingia yenyewe. Ukimtia kwenye chumvi inamkausha, anaanza kunywa, na anakunywa hiyo hiyo chumvi. Nguvu zote zinakwenda kuitoa mwilini. Za kusagia chakula hazibaki. Kinaingia, kinapita."

"Na wale wa Rukwa?"

"Wale wamezaliwa humo, wao na babu zao. Hawa wako ni wageni. Chumvi ni dawa yao kweli, mama, lakini unamwogesha kwenye beseni, kidogo tu, halafu unamrudisha kwenye maji yake."

"Beseni?"

"Beseni."

Nina mabeseni mawili. Yalikuwepo siku ile, nyuma ya nyumba, nimeloweka nguo. Neno moja tu, beseni, na yule bwana samaki alishindwa kulitamka kwa sababu alikuwa na haraka.

Nilimpigia simu. "Mama, mradi ulishaisha, mimi nipo mkoa mwingine."

"Sikudai kitu, baba. Njoo uwaambie shemeji zangu tu."

"Mimi nilisema kwa kiasi," akasema, simu ikakatika. Wa dukani naye hakunikana uso, alinikana maneno: "Mimi ni muuzaji, mama angu, si daktari. Mimi nilijua hizo dawa ni za ng'ombe."

Kipande kikarudi kwa ukoo. Shemeji wakatoboa bwawa, wakalifukia, wakapiga ntumba vizuri, majani ya kutosha, wakapanda ulezi. Ulezi ukaota njano, ukalala. Shemeji mkubwa akaniita bondeni. Akalipasua tuta moja kwa jembe mbele yangu, kama nilivyompasua yule samaki mbele yake. Majani yalikuwa mazima vilevile, hata hayajaanza kuoza, ile chumvi ya bwawa imeyahifadhi.

"Unaona, shemeji? Mpaka udongo umevimbiwa."

Safari hii mdogo wake hakucheka.

Sasa wanasema nimeua ardhi ya ukoo, na nyumba ninayolala imo ndani ya ardhi hiyo hiyo. Kikao ni baada ya mavuno. Katekista amesema ataniombea. Dada wa samaki amesharudi kazini kwake. Mimi nikisimama pale nitasema niliambiwa, nao wataniuliza nani alikuambia, na nitaonyesha njia tupu.

Kwa hiyo ninakuita wewe, bwana samaki mwenye miwani, popote walipokuhamishia. Samaki wengine sitaki, na pole yako kaa nayo. Mwenye duka nitamfuata mwenyewe, namjua anapofungulia. Wewe njoo siku ya kikao, na usisimame pale juu njiani. Shuka kwenye pikipiki, teremka mpaka bondeni, uonje udongo huu, halafu uwajibu shemeji zangu: ni nani aliyesema chumvi?