Chui Asiye wa Makame

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu ni ile wazee wa kijiji walipokuja kwetu asubuhi, wakakaribishwa kahawa, kisha wakamwomba mume wangu amfunge chui wake. Sisi hatukuwa na chui. Tulikuwa na kuku, na paka mmoja mwizi asiye na haya.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nyinyi mmezaliwa chui wamekwisha. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Kikwajuni. Niliolewa kusini, kijiji cha karibu na msitu, muda mfupi baada ya Mapinduzi. Mume wangu Makame, Mungu amrehemu, alikuwa akichoma chokaa, kwa hiyo alishinda maweni, kule kwenye mwitu wa mawe na mapango, akikata kuni za tanuri. Simba tulikuwa tukiwasikia kwa watu wa bara tu. Hapa Unguja mkubwa wa mwitu alikuwa chui, na watu waliamini kuwa wako chui wa mwitu na wako chui wa watu, wanaofugwa kwa siri na kurithishwa. Mbuzi akichukuliwa, hakuna aliyeuliza chui kapita wapi. Waliuliza ni wa nani. Na baba yake Makame, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa akitajwa miaka yote kuwa ni mfugaji.

Basi asubuhi ile Mzee Pandu, aliyeliwa mbuzi wake, alizungumza kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekuja kuazima jembe.

"Makame mwanangu, hatukuja kwa ugomvi. Tunakuomba tu. Mfunge mnyama."

Nikangoja mume wangu acheke, au akasirike. Akasema, "Haya wazee wangu, nshasikia. N'tamfunga."

Nusura dele la kahawa linitoke mkononi.

Walipoondoka alinieleza, uso umemkunjuka kwa raha. Chui hakai pahala pamoja, alisema. Ana eneo lake analolizunguka. Akipita huku siku mbili tatu huenda zake mbali, asionekane tena mpaka mwezi mwengine. Alijua hayo kwa nyayo alizokuwa akizikuta njiani akienda kukata kuni.

"Ataondoka mwenyewe huyo," alisema. "Mimi mdomo wangu tu, na wao roho zao zitulie."

Bi Mize, mama yake, alikuwa barazani anapeta mchele. Hakunyanyua hata uso. "Baba yako kaulizwa umri wake wote, na umri wake wote kasema sina. Wewe kuulizwa mara moja tu ushachoka?"

"Na nani aliyemwamini, mama?"

"Hakuna. Lakini pia hakuna aliyemdai chui."

Makame alicheka. Alikuwa kijana, na mimi nilikuwa bibi harusi ninayeona kila neno la mume wangu ni busara, kwa hiyo na mimi nilicheka.

Chui akaondoka kweli, na hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Makame akaachiwa nafasi ya kukaa na wazee, samaki wakija akawa anakatiwa mwanzo, na mimi kisimani wanawake wakinipisha nichote. Sitakudanganya, tulipenda.

Kisha chui akarudi, na safari hii hakuondoka. Alianza na kuku, akaja kwenye mbwa, halafu akamchukua mbuzi wa pekee wa Bi Tatu, mjane aliyekuwa akiwanywesha wajukuu zake maziwa ya mbuzi yule. Makame akawa anasubiri aende zake, na haendi. Mwisho akachukua shoka lake akaingia maweni kutazama mwenyewe. Aliporudi hakutaka kula.

"Jike," alisema. "Ana watoto."

Alikuwa ameziona nyayo zake kwenye mchanga mbele ya pango, na pembeni yake nyayo ndogo ndogo zilizovurugana, za watoto wanaocheza. Jike mwenye watoto, mwanangu, hazunguki. Huwaficha pangoni, akaenda kutafuta riziki karibu, akarudi kuwanyonyesha. Hata wakishaacha ziwa hukaa nao muda mrefu akiwafundisha kuvizia na kukamata, maana akiwaacha mapema watakufa njaa. Na karibu na pango lile hapakuwa tena na paa. Wasasi wetu walikuwa wameshaumaliza mwitu ule kwa nyavu na mbwa. Ana watoto wa kulisha, na mawindo yake tumeyala sisi. Angekwenda wapi, ila zizini kwetu?

Wazee wakaja tena. Kahawa hawakuitaka, na nyuma yao walikuja vijana na fimbo.

"Wallahi si wangu," alisema Makame. "Nilisema tu, ili mtulie."

Mzee Pandu alimtazama. "Si wako? Mbona ulipomfunga alifungika?"

Makame akaapa tena, wasimsikilize. Miaka ile chui walikuwa wakisakwa kisiwa kizima, na watu waliotajwa kuwa wafugaji walichukuliwa wakaapishwe, wengine wakapigwa vibaya. Tukaambiwa mwisho ni Ijumaa: ama amtoe chui, ama waje wamchukue yeye. Nilikuwa na mimba changa, na niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

"Mama, nifanye nini?" Makame aliuliza.

"La kufanya nilikwambia siku ile," alisema Bi Mize. "Leo sina." Akaingia ndani, nikamsikia analia.

Alhamisi asubuhi Makame aliwaongoza wasasi mpaka pangoni. Nyavu zikazungushwa, mbwa wakaachiwa, na jike akatoka, akasimama mbele ya watoto wake. Makame aliniambia kuwa upande wa pili wa pango kulikuwa na upenyo, na yule mnyama aliujua, lakini watoto wasingeweza kuupanda. Kwa hiyo hakwenda. Wakamuua pale pale, na watoto nao hawakuachwa. Makame akarudishwa kijijini amebebwa mabegani kwa shangwe, na machozi yanamtoka.

Nilidhani tumeokoka. Lakini tangu siku ile watu waliacha kuja kwetu hata kuomba moto. Walisema, ikiwa kaweza kumtoa mnyama wa baba yake auawe ili apone yeye, sisi atatufanya nini? Kule kumtoa ndiko kulikowahakikishia kuwa alikuwa wake. Tukafunga mizigo yetu, tukahamia mjini, mtaa wa Amani, na Makame akawa kibarua wa ujenzi.

Miaka ikapita, mtoto wetu wa kwanza akaanza skuli. Siku moja tuko sokoni Darajani, Mzee Pandu akatokea, kazeeka, akamshika Makame mkono akamvuta pembeni.

"Mwanangu, nguruwe mwitu wanatumaliza. Mihogo yote wanaifukua, na hakuna tena wa kuwapunguza. Hebu n'ambie kweli. Hukubakisha hata mmoja?"

Makame alitikisa kichwa. "Sikuwa naye, mzee wangu. Hata siku moja sikuwa naye."

"Haya," alisema Mzee Pandu, akatuaga kwa heshima. Hakumwamini.

Mwanangu, watu wakikuvisha jina lisilo lako, liwe la sifa au la lawama, livue siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale. Utawaudhi, na huenda usiaminiwe. Sema hivyo hivyo, na ukiulizwa tena sema tena. Usidhani utalitumia kidogo kisha utalivua. Sisi tulilitumia kwa raha ya muda mfupi, na aliyeuawa ni mama mwenye watoto ambaye hata habari zetu hakuwa nazo. Na mnyama wa mwitu mwache awe wa mwitu. Ukimwona karibu na nyumba, kabla hujauliza katumwa na nani, kaangalie kama huko anakotoka bado kuna cha kula.

Mungu akupe moyo wa kusema sina pale ambapo huna, akujaalie majirani wa kukuamini, na kizazi chako akikunjulie pa kuishi bila kumtoa mwengine kwake.