Ukuta Uliotii Kidole Changu

Msinicheke kabla sijamaliza. Sisi wanachuo wa ualimu tulipelekwa shule moja ya Kagugu kujitolea, tuwafundishe walimu kutumia projekta darasani. Mimi mjuaji nikatangulia. Nikagusa picha iliyomulikwa kwenye ukuta wa chokaa, ikabadilika. Kichwa kikavimba!

"Siku hizi ni kugusa tu," nikawatangazia walimu, mkufunzi wangu akiniandikia alama. Nikagusa kwa kidole, nikagusa kwa kiwiko, hata kwa pua, picha zikatii. Walimu wakapiga makofi.

Nikamwita Madamu Keza, mwenyeji wetu, aliyekaa nyuma kwenye kompyuta, aje naye aguse. Akasita, kisha akauliza kwa upole:

"Nikija huko, mwalimu, kipanya atakishika nani?"