Mzunguko Mmoja Bila Kushika Ukuta

Binti yangu alipokaribia kutimiza miaka kumi na mmoja, nilimuuliza anataka zawadi gani. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anataka tuteleze pamoja kwenye uwanja wa barafu, mzunguko mmoja mzima, bila mimi kushika ukuta. Kila mwaka mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye benchi na makoti ya watu. Nilijua mwakani atataka kwenda na wenzake tu, na mimi sitaitwa hata kushika makoti. Hilo liliniuma. Basi nikajiandikisha masomo ya peke yangu, nusu saa kila Jumamosi asubuhi, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, na magoti yaliyochoshwa na kazi ya kuwanyanyua wazee wa watu vitandani.

Mwalimu wangu alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. Siku ya kwanza alitaka kunifundisha kuanguka. Nikamwambia kuanguka najua tangu utotoni, anifundishe kusimama. Hakucheka. Alinionyesha kukunja magoti, kunyoosha mikono mbele, kutazama mbali. Viatu vilinibana, baridi ikanipanda hadi kiunoni, na kwa wiki tatu sikuachia ukuta.

Wiki ya nne niliachia, na hapo ndipo tatizo langu la kweli likaonekana. Kwetu Unguja mtu akianguka mbele yako unampa pole, umjue usimjue, na mkono unautoa papo hapo. Nimekulia hivyo, na miaka yangu yote ya hapa Ilford, ughaibuni, haijanibadilisha. Kila aliyeanguka karibu nami nilimgeukia, "Pole! Pole, mwanangu!", nikamnyooshea mkono, na mimi nikaenda chini. Siku moja nilimwangukia bwana mmoja tumboni, na yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Mwalimu alikasirika kwa adabu. "Aliyeanguka atainuka mwenyewe," aliniambia. "Wewe tazama mbele." Niliona ni roho ngumu, lakini niliutaka mzunguko wangu. Nikajifunza. Aliyeanguka kulia nilimwacha kulia, aliyelia kushoto nilimwacha kushoto, na kufikia wiki ya tisa nilikuwa sianguki tena.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Binti yangu alinishika mkono, tukaondoka. Tukalipita lile benchi langu, safari hii limekaliwa na mama mwingine na makoti yake. Nilifurahi hadi macho yakajaa machozi. Zilipobaki hatua kama kumi, mzee mmoja akaanguka chali mbele yetu. Nikakunja magoti, nikatazama mbali, nikampita.

Mkono wangu ukabaki mtupu. Kugeuka sikuweza, sijafundishwa. Nikaumaliza mzunguko peke yangu na kusimama kwa kugonga ukuta. Nilipotazama nyuma, binti yangu alikuwa amepiga magoti juu ya barafu, amemshika yule mzee chini ya kiwiko. Na nikamsikia, yeye asiyenijibu Kiswahili hata tukiwa mezani, akimwambia Mzungu wa watu, "Pole. Pole sana, babu."

Alimpeleka taratibu hadi kwenye benchi, kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Mum, ulimwona," alisema. "Ukampita tu."

Hilo nalo alilisema kwa Kiswahili. Aibu ilinishika mwili mzima. Nilimwambia kweli, nilimwona.

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliniuliza kama nilifanikiwa kuzunguka bila kushika ukuta. Nikamwambia nilifanikiwa. Akapiga makofi, akauliza sasa nataka tuendelee na nini. Nikamwomba anifundishe kugeuka na kurudi.