Kitambulisho cha Mke Mwenzangu Kilikuwa Mkobani Mwangu

Nimekosa, jamani, na niliyemkosea bado ananiita dada. Sitaji jina langu wala lake. Jueni tu kwamba nina watoto wanne, naishi Galbet hapa Garissa, na mume wangu anauza mbuzi sokoni.

Miaka miwili iliyopita alioa mke wa pili, binti kutoka mji wa Bute. Dini inamruhusu. Lakini ndani nilikuwa naungua! Mwanamume ambaye hakuwahi kuniuliza kama nimekula, sasa anamletea mwenzangu maziwa ya ngamia kila asubuhi.

Aliposhika mimba ndio nikachoka kabisa. Mara asibebe maji, mara asiinue sufuria. Mimi nilibeba mimba nne huku nikibeba mitungi, na nani alinionea huruma?

Ikaja habari ya kujiandikisha bima mpya ya afya. Nyumbani kwetu ni mimi tu niliyesoma, tena hadi darasa la nane. Mume wangu hajui kusoma, na mke mwenzangu Kiswahili hakijui kabisa. Kwa hivyo shughuli zote za ofisi ni zangu. Mume wangu alinipa kitambulisho chake na cha yule binti, akaniambia nikatuandikishe sote.

Karani, mama mmoja wa bara, alinieleza polepole. Mke mmoja anaandikwa pamoja na mume, na wa pili anaandikwa kivyake kwa kitambulisho chake. Nilikuwa nacho mkobani! Nilikishika, nikaiangalia picha yake, uso laini usio na hata alama moja. Nikakirudisha, nikafunga mkoba.

Nilipofika nyumbani nikawaambia serikali inataka mke mmoja tu, wa pili hana nafasi. Mume wangu aliguna, akaenda zake sokoni. Mke mwenzangu alinipa pole kwa kuhangaika juani. Na niseme ukweli, nilifurahi! Nilikuwa na kitu ambacho yeye hana.

Uchungu ulimshika asubuhi moja, mume wetu akiwa safarini kununua mifugo. Jirani akaita tuktuk, ikasimama mlangoni. Mwenyewe akakataa kupanda.

"Mimi sina bima, abaayo," akaniambia, yaani dada kwa Kisomali. "Watanirudisha mlangoni, nimwaibishe mume wetu."

Wanawake wa jirani waliokusanyika wote wakanigeukia mimi, msomi wa nyumba. Neno moja tu lingetosha! Lakini ningesema ukweli, wangejua nilidanganya. Nikasema mkunga wa mtaa anatosha. Tuktuk ikaondoka.

Kufikia adhuhuri mkunga mwenyewe aliogopa. Tukamkimbiza hospitali akivuja damu. Aliongezewa damu, akapona. Mtoto alikuwa wa kiume, alitoka hana uhai, hakulia.

Muuguzi alikuja kitandani akauliza kwa nini tulichelewa. Nikamwambia ni mambo ya bima.

"Nani aliwaambia hivyo?" akasema. "Mama mwenye uchungu tunampokea hata kama hajaandikwa. Na mke wa pili anaandikwa, mbona?"

Mke mwenzangu hakuelewa hata neno moja. Akanivuta mkono akaniuliza kwa Kisomali, "Amesema nini, abaayo?"

Nikamwambia, "Amesema ni mapenzi ya Mungu."

Akasema alhamdulillah, akafunga macho. Astaghfirullah! Nilimsingizia Mungu kazi ya mikono yangu.

Mwezi uliopita nilimwandikisha, nikamwambia serikali imebadilisha sheria. Alinikumbatia. Anaswali, anacheka na watoto wangu, analala vizuri. Na mimi, mwenye kosa, bado namwonea wivu, sasa kwa sababu ya moyo wake mweupe. Sijamwambia mpaka leo.

Wewe unayewasomea wenzako barua na kuwasemea ofisini, wivu ukikushika, mpe mtu mwingine hiyo kazi. Na wewe usiyejua kusoma, usikubali habari ya mdomo mmoja, hata kama ni wa ndugu. Nenda hospitali mwenyewe, uliza wawili watatu. Mke mwenzangu alimuuliza mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi.